Kila picha ina swali lake: kabla utumbo mpana haujawa umio mpya

Swali: Shikamoo daktari. Binti yetu ana miaka 6. Akiwa na miaka 4 alikunywa kostiki ya kutengenezea sabuni, ilikuwa imehifadhiwa kwenye chupa ya maji ya kunywa. Tangu hapo umio wake umebana. Wamempanua mara nyingi lakini unaziba tena, na sasa anakula kwa mpira wa tumboni. Madaktari wa hospitali ya rufaa wanasema watachukua kipande cha utumbo mpana wakipandishe kiwe umio mpya. Ana picha mbili za bariamu, ile dawa nyeupe inayomezwa ili njia ya chakula ionekane kwenye picha, na CT scan ya kifua, lakini wanataka tena bariamu ya kupitia kwenye mpira, kipimo cha kamera, na CT ya mishipa ya damu ya tumbo. Ndugu wanasema tunazungushwa ili tulipe. Kama tatizo linajulikana, picha zote hizi ni za nini? Na mionzi haitamdhuru mtoto? Ni mimi mama, kutoka Geita.

Jibu: Marahaba mama, na poleni sana. Nianze na lile linalowaumiza nyumbani: orodha uliyopewa si ya kuwazungusha. Mimi ni daktari wa radiolojia. Kazi yangu ni kusoma picha na kukaa na madaktari wa upasuaji kabla hawajashika kisu, na orodha hiyo ningeiandika karibu vilevile. Nasema karibu, kwa sababu kuna mahali mnaweza kuokoa kipimo kimoja, kutegemea picha mlizonazo ziko katika hali gani. Nitafika huko.

Picha mlizokwisha kupiga zinaeleza kilichoharibika. Hizi mnazotakiwa kupiga sasa zinatafuta jambo jingine: kitakachowekwa badala ya umio kitatoka wapi, kitapita wapi, na kikishafika shingoni kitaishi kwa damu ipi. Swali hilo la damu ndilo zito kuliko yote. Bomba lenyewe si tabu kulipata, maana tumboni kuna utumbo wa kutosha. Tabu ni kulihamisha kutoka tumboni hadi shingoni likiwa hai.

Tuanze na umio wenyewe. Kostiki ni alkali kali. Asidi huunguza na kuacha gamba ambalo huizuia kidogo isizame zaidi. Alkali huyeyusha nyama, na huendelea kuzama ukutani mwa umio hata baada ya mtoto kulia, kutapika na kuoshwa mdomo. Kidonda kikipona huacha kovu, na kovu hilo hujivuta kwa miezi mingi. Kwa hiyo picha iliyopigwa wiki chache baada ya ajali haiwezi kumwongoza daktari anayepanga upasuaji leo, na ndiyo sababu wengi husubiri angalau miezi 6 kabla ya kujenga umio mpya. Kama moja ya zile picha mbili za bariamu ni ya mwanzoni, ichukulieni kuwa ni historia. Nzuri kuwa nayo, lakini upasuaji haupangwi juu yake.

Katika picha ya bariamu ya kumeza, ninachokitazama kwanza ni kovu linaanzia wapi kwa juu, hata kabla ya kupima urefu wake. Mtoto anakaa wima, anapewa kikombe kidogo cha dawa ile nyeupe, anaambiwa aishike mdomoni, kisha ameze. Mashine inachukua picha mfululizo, nyingi ndani ya sekunde moja, mara ya kwanza ikimtazama kwa ubavu. Funda la kwanza ndilo lenye habari nyingi zaidi. Naangalia kama kidakatonge, kifuniko cha njia ya hewa, kinafunga vizuri, kama dawa inateleza kuingia kwenye njia ya hewa, na kama mtoto anakohoa inapoingia. Wapo ambao dawa inaingia kwenye njia ya hewa na hawakohoi kabisa, na hao ndio wanaonitia wasiwasi zaidi. Kisha natazama koromeo: kuta zake zinatanuka pande zote mbili, au upande mmoja umeshikwa na kovu? Kovu likianzia chini ya koromeo, daktari ana mahali safi pa kushona utumbo mpya. Likiwa limekamata koromeo lenyewe, mambo yanabadilika. Mshono unapanda juu zaidi, karibu na mlango wa sauti, na mtoto atalazimika kujifunza kumeza upya kwa muda mrefu. Upasuaji unaweza hata kuahirishwa mpaka koromeo litengenezwe kwanza. Yote hayo yanatokana na sekunde chache za picha, kwa hiyo kama bariamu ya mwisho ilipigwa kwa picha tatu nne za mgando tu, daktari wenu ana haki ya kutaka nyingine.

Kuna jambo moja la usalama hapo. Kwa mtoto anayehofiwa kupaliwa, ile dawa ya maji iitwayo Gastrografini haifai, kwa sababu ikiingia mapafuni huvuta maji na mapafu yanaweza kujaa. Hutumika bariamu kidogo, au dawa ya aina ile inayochomwa kwenye mshipa. Lakini pale panapohofiwa tundu linalovuja kifuani, bariamu huwekwa kando kwanza, maana ikimwagika nje ya umio huleta uvimbe mkali. Mwambieni mpiga picha kama mtoto hukohoa akimeza mate. Neno hilo moja humsaidia kuchagua dawa.

Sasa hiyo bariamu ya kupitia kwenye mpira. Umio ukiwa umeziba, dawa ya kumeza hufika kwenye kizibo ikakwama, au ikapita uzi mwembamba tu. Sehemu ya chini ya umio na mfuko wa chakula hazionekani vizuri. Ikipitishwa kwenye mpira, dawa hujaza mfuko wa chakula kutoka chini na kutuonyesha mambo ambayo picha zenu mbili hazikuweza. Mfuko umebaki na ukubwa wake au umesinyaa? Mlango wake wa chini, ule unaopitisha chakula kuingia kwenye utumbo mwembamba, unafunguka au umekazwa na kovu? Watu wengi hudhani kostiki huishia kwenye umio, kumbe nyingine hushuka hadi hapo na kujikusanya karibu na mlango huo. Kama mlango umebana na hakuna aliyejua, mtoto atapata umio mpya mzuri unaomwaga chakula kwenye mfuko usiotoa. Daktari akijua mapema, huufungua siku hiyohiyo ya upasuaji.

Picha hiyo hujibu pia swali ambalo wazazi hawaelezwi mara kwa mara: mpira wenyewe umeingia sehemu gani ya mfuko wa chakula. Kandokando ya ukingo mrefu wa mfuko huo hupita mshipa wa damu ambao ni tegemeo kubwa endapo madaktari wataamua kupandisha mfuko wa chakula badala ya utumbo mpana. Mpira ukiwekwa juu ya ukingo huo, mshipa unaweza kuwa umeumia. Kupandisha mfuko wa chakula ni njia nzuri kwa watoto, na Lewis Spitz na wenzake wa Great Ormond Street, London, walifanya kazi kubwa kuithibitisha. Daktari wako amechagua utumbo mpana, lakini ndani ya chumba cha upasuaji lazima awe na njia ya pili mfukoni. Bariamu ya mpira inamwambia kama njia hiyo ya pili ipo.

Kipimo cha kamera sitakieleza sana. Picha zetu zinaonyesha umbo, lakini hazionyeshi rangi ya ngozi ya ndani, hazioni kidonda kibichi wala utando, na hazifiki vizuri kwenye mlango wa sauti. Kamera inaona. Ulizeni tu ni kamera ya upande gani. Ya juu inahitajika. Ile ya kuingia kwenye utumbo mpana kupitia njia ya haja kubwa hufanyiwa watu wazima wanaopandishiwa utumbo mpana, ili kuhakikisha hauna uvimbe au saratani inayoanza. Kwa mtoto wa miaka 6 asiyetoa damu kwenye choo na asiye na historia ya ugonjwa wa utumbo, kwa kawaida haina kazi.

Nikija kwenye mishipa ya damu, ndiyo sehemu ninayoipenda katika kazi hii na ndiyo sehemu ndugu zako wanaishuku.

Mwaka 1913 daktari Franz Torek wa New York alimtoa mgonjwa umio wenye saratani, na mgonjwa akapona. Lakini hakuwa na kitu cha kuweka badala yake. Juu alitoboa shingo, chini alitoboa tumbo, akaunganisha matundu hayo mawili kwa mpira uliopita nje ya mwili. Mama yule aliishi zaidi ya miaka 10 akila kwa mpira huo. Wenzake walikuwa wamekwisha anza kufikiria utumbo: mwaka 1911 Kelling wa Ujerumani na Vulliet wa Uswisi walieleza, kila mmoja kwa njia yake, jinsi utumbo mpana unavyoweza kupandishwa. Kilichowasumbua wote wa enzi hizo, na kinachotusumbua hadi leo, ni kipande kinachopandishwa kufa kwa kukosa damu.

Utumbo mpana hupata damu kwa mishipa kadhaa inayotoka kwenye aota, yaani ule mshipa mkuu unaoshuka kutoka kwenye moyo. Upande wa kulia na wa katikati hulishwa na matawi ya mshipa mmoja mkubwa, upande wa kushoto na wa chini na matawi ya mwingine. Matawi hayo yote hukutana kwenye mshipa mwembamba unaokimbia kando ya utumbo wenyewe, tuuite mshipa wa pembezoni. Daktari anapochukua kipande cha utumbo, hukata matawi yote yanayokilisha isipokuwa moja, kisha hutegemea mshipa wa pembezoni upeleke damu ya tawi hilo hadi mwisho wa kipande. Mara nyingi tawi linaloachwa ni lile linalopanda upande wa kushoto. Kipande hicho hakikatwi na kupandikizwa kama figo, bali huhamishwa kikiwa bado kimefungwa kwenye mshipa wake. Hapa ule msemo wa mbuzi kula kwa urefu wa kamba yake ni kweli tupu: kipande kitafika juu kwa kadiri mshipa wake unavyofika, hata kama utumbo wenyewe ni mrefu mara mbili.

CT ya mishipa inatafuta kamba hiyo. Dawa inachomwa kwa kasi kwenye mshipa wa mkono, na mashine inangoja sekunde chache mpaka dawa ijae kwenye mishipa inayotoka kwenye moyo, ndipo inapiga. Ikipiga mapema mno mishipa haijajaa. Ikichelewa, dawa imeshasambaa kila mahali na matawi madogo hayaonekani. Vipande vya picha lazima viwe vyembamba, milimita 1 au chini ya hapo. CT ya kawaida ya tumbo inayohifadhiwa kwa vipande vya milimita 5 haifai kwa kazi hii, kwa sababu mshipa ninaoutafuta kwa mtoto ni mwembamba kuliko kipande kimoja cha picha.

Kisha nakaa kwenye kompyuta na kuufuata mshipa kwa kidole cha kipanya, kipande kwa kipande. Tawi la kushoto linatokea wapi na linagawanyika wapi? Tawi la katikati lipo? Wapo watu ambao kwao ni jembamba sana au halipo kabisa, na afya zao ni njema. Halafu nafika kwenye kona ya utumbo mpana iliyo chini ya wengu na hapo napunguza mwendo. Kona hiyo ndipo maeneo ya mishipa miwili mikubwa yanapopakana, na kwa baadhi ya watu mshipa wa pembezoni hukatika au huwa dhaifu hapo. Kama umekatika, kipande kinachoegemea tawi la kushoto hakitapata damu juu ya kona hiyo, na daktari anapaswa kufikiria upande wa kulia wa utumbo, au mfuko wa chakula. Naangalia pia mishipa inayorudisha damu. Hii husahaulika. Kipande kinachopokea damu na kushindwa kuirudisha huvimba, hugeuka rangi ya zambarau, na huharibika sawasawa na kile kisichopokea.

Je, kila mtoto lazima afanyiwe CT hii? Hapana, na ni haki yako kujua kwamba madaktari bingwa hawakubaliani. Wengi wanaowafanyia watoto huenda bila picha hiyo. Wakishafungua tumbo, hubana kwa vibanio laini matawi wanayokusudia kuyakata, wanasubiri dakika kadhaa, wanatazama rangi ya utumbo na kugusa mapigo ya mshipa mwishoni mwa kipande. Kipimo hicho cha mikono bado ndicho hakimu wa mwisho, na hakuna picha yangu iliyowahi kukifuta. Kwa mtu mzima mwenye mishipa iliyokakamaa kwa umri, au aliyewahi kufanyiwa upasuaji wa utumbo, mimi husisitiza CT. Kwa mtoto ambaye tumbo lake halijafunguliwa zaidi ya kuwekewa mpira, naona faida ipo lakini ni ndogo zaidi. Faida yenyewe ni kwamba daktari anaingia akijua ni upande upi unaelekea kufaa, hivyo hapotezi muda wa usingizi wa mtoto akitafuta, na hakati tawi ambalo angelihitaji. Muulizeni hivi, kwa heshima: “Daktari, picha hii ikionyesha mshipa mbovu, utabadilisha nini?” Akiwajibu kwamba atahamia upande mwingine au atatumia mfuko wa chakula, picha ina kazi. Akisema atafanya vilevile kwa vyovyote, basi pesa na mionzi hiyo mnaweza kuvihifadhi.

Baada ya damu ni njia. Umio mpya unaweza kupita mahali pa ule wa zamani, nyuma ya moyo, na hiyo ndiyo njia fupi. Unaweza kupita mbele ya moyo, nyuma ya mfupa wa kidari. Zamani ulipitishwa pia chini ya ngozi ya kifua, njia ndefu kuliko zote, na bado inabaki kama kimbilio. Kwa mtoto wa kostiki kifua cha nyuma mara nyingi kimegandamana kwa makovu, hivyo wengi huchagua nyuma ya kidari. Hapo ndipo ile CT ya kifua mliyonayo inaweza kuwafaa. Napima nafasi iliyopo kati ya sehemu ya juu ya mfupa wa kidari na bomba la hewa. Nafasi ikiwa finyu, utumbo utabanwa kwenye mlango huo wa kuingilia kifua, damu itazuiwa, na mshono wa shingoni utavuja. Daktari akionywa, anajiandaa kupunguza mfupa kidogo, ama wa kidari ama wa kichwa cha mtulinga. Asipoonywa, ataligundua hilo saa ya tano ya upasuaji.

CT hiyohiyo inaonyesha hali ya mapafu, ambayo kwa watoto wanaopaliwa mate mara kwa mara huwa na makovu yao, na mtaalamu wa usingizi atataka kuyaona. Inaonyesha pia maumbile yasiyo ya kawaida. Takriban mtu 1 kati ya 100 ana mshipa wa mkono wa kulia unaozunguka na kupita nyuma ya umio badala ya mbele. Hauna madhara mpaka mtu aingize mkono pale bila kujua, na unapokuwepo, neva ya sauti ya upande huo nayo huwa haipo mahali pake.

Ndipo nakuja kwenye lile la kuokoa kipimo. Mna CT ya kifua kwa namna gani? Kama mlipewa karatasi kubwa nyeusi zenye vipicha vidogo vidogo, hiyo haitoshi. Karatasi haigeuzwi kuonekana kwa ubavu, haipimwi mshipa, haikatwi upya kwa vipande vyembamba. Kinachotakiwa ni CD au flashi yenye faili asilia kutoka kwenye mashine. Rudini pale mlipopigiwa mkaombe. Hospitali nyingi huhifadhi faili hizo kwa muda, na kunakili kwenye CD ni nafuu sana ukilinganisha na kurudia kipimo. Wakisema zimefutwa, ombeni wathibitishe, kisha mtajua kwamba kurudia ni lazima kweli. Daktari wa hospitali ya rufaa akiwa na faili asilia anaweza kuzifungua kwa programu za bure kama 3D Slicer, akazigeuza apendavyo.

Mtasikia pia habari za picha za rangi za pande tatu, na hata mifano ya plastiki inayochapwa kutokana na CT. Zipo, na zinasaidia kumwelewesha mzazi na kuwafundisha madaktari vijana. Kwenye maumbile ya ajabu, kwa mfano mtoto aliyekwisha fanyiwa upasuaji mara mbili ukashindikana, mfano wa mkononi unaweza kufungua macho. Ila kwa upasuaji wa kwanza kama wa binti yako maamuzi hufanyika kwenye vile vipande vyembamba vya kijivu. Msilipie urembo.

Kuhusu mionzi, hofu yako ni ya haki. Watoto huathirika na mionzi zaidi ya watu wazima, na wana miaka mingi mbele yao. Kila binadamu hupokea mionzi ya asili kutoka ardhini, angani na kwenye chakula, wastani wa dunia ukiwa kama milisievati 2 hadi 3 kwa mwaka (milisievati ni kizio cha kupimia mionzi inayoingia mwilini). CT moja ya tumbo, ikipigwa kwa vipimo vya mtoto, huwa milisievati chache, yaani sawa na mwaka mmoja hadi michache ya mionzi hiyo ya asili. Uwezekano wa saratani huongezeka kidogo sana, lakini huongezeka, na sitakwambia ni sifuri. Ndiyo maana unapaswa kuuliza mambo mawili: mashine imewekwa kwa uzito wa mtoto? Na watapiga mara ngapi? Kupiga kabla ya dawa, kisha wakati wa dawa, kisha baada yake tena na tena, ni mazoea ya watu wazima. Kwa binti yako pigo moja lililopangwa vizuri linaweza kutosha, au mawili kama mishipa ya kurudisha damu inahitaji kuonekana kwa utulivu.

Kuna wanaouliza kwa nini tusitumie MRI isiyo na mionzi. Kwa mishipa midogo ya utumbo wa mtoto picha yake haina makali ya CT, inachukua muda mrefu, na mtoto wa umri huu huenda akahitaji kulazwa usingizi ili atulie. CT ya siku hizi humalizika kwa sekunde chache. Mtoto wa miaka 6 aliyeandaliwa vizuri, akaonyeshwa mashine mapema, mama akiwa karibu mpaka dakika ya mwisho, mara nyingi hutulia bila dawa ya usingizi. Kabla ya hapo atapimwa figo kwa sababu ya dawa ya mishipa, na semeni kama ana pumu au aliwahi kupata mzio. Mtoto mwembamba mishipa yake huwa ya tabu, kwa hiyo sindano iwekwe na mwenye uzoefu, mapema, siyo mezani akiwa analia.

Nielekeze maneno machache kwa wasomaji wenye mgonjwa wa saratani ya umio, maana ukanda wetu wa Afrika Mashariki, kutoka Ethiopia na Kenya hadi Malawi, ni kati ya sehemu za dunia zilizoelemewa na ugonjwa huu, na hospitali kama Tenwek kule Bomet zimejijengea uzoefu mkubwa nao. Kwao picha huanza na swali jingine: je, uvimbe unatoka, yaani unaweza kukatwa wote? CT inaangalia umeshikana na aota kiasi gani. Mguso ukizunguka nyuzi zaidi ya 90 za duara la aota tunahofu umeingia. Ukiwa chini ya 45, mara nyingi haujaingia. Katikati ya hapo ni mashaka, na kipimo cha ultrasaundi ya ndani ya umio husaidia. PET-CT, yaani CT inayoongezewa dawa yenye mionzi kidogo inayong’arisha saratani, hutafuta mbegu za ugonjwa zilizosambaa mbali, ili mtu asipasuliwe bure. Ugonjwa ukiwa unatoka, mfuko wa chakula ndio hupandishwa zaidi. Kwa wagonjwa hao CT inaonyesha jambo ambalo zamani tulilipita: chokaa kwenye kuta za aota na mshipa unaolisha mfuko wa chakula. Watafiti wa Utrecht, Uholanzi, walionyesha mwaka 2015 kwamba wenye chokaa nyingi hapo huvuja zaidi kwenye mshono. Kwa mtoto hilo halipo kabisa.

Mama, picha hazitaisha siku ya upasuaji. Kwenye vyumba vya upasuaji vyenye kifaa hicho, daktari huchoma dawa ya kijani na kutazama kwa kamera maalumu damu inavyofika mwishoni mwa kipande kabla ya kushona. Baada ya kama wiki moja mtoto atameza dawa tena mbele ya mashine kuona kama mshono wa shingoni unavuja, ndipo aruhusiwe kula. Kuvuja kidogo shingoni si ajabu na mara nyingi hufunga kwenyewe. Kubana kwa mshono huo miezi michache baadaye nako hutokea, na huenda akahitaji kupanuliwa. Baada ya miaka, mtoto anapokua, utumbo uliopandishwa unaweza kurefuka na kujikunja kifuani, chakula kikakaa humo. Akianza kunuka mdomo, kutapika chakula cha jana au kukohoa usiku, bariamu moja ya kumeza hueleza karibu kila kitu. Ulizeni pia mpango wa umio wa zamani. Ukiachwa ndani, ule wenye kovu la kostiki una hatari ya saratani miongo kadhaa baadaye, na binti yako anapaswa kukua akilijua hilo.

Wakati mnasubiri, uzito wake ni muhimu kuliko picha yoyote niliyoitaja. Mlisheni vizuri kwa mpira, pimeni kila mwezi, na kama timu yenu inaruhusu, mpeni ladha ya chakula mdomoni atafune na kutema, asisahau kazi ya kula.

Kwenye miadi ijayo bebeni picha zote za zamani pamoja na majibu yake ya maandishi, hata zile mnazoona hazina maana. Kama CT ya kifua ni ya karibuni na mmeipata kwenye CD, waombeni wapige tumbo peke yake. Kama ni ya zamani au imebaki karatasi tu, basi waombeni kifua na tumbo vipigwe kwa pamoja, mara moja, kwa dawa ileile.